Ditekta ya ufukweni: nibaki na hii ya frikwensi moja au nihamie ya frikwensi nyingi?

Mpiga_Kasia
Wakuu habari zenu. Naombeni ushauri wa haraka. Nimenunua ditekta yangu ya kwanza ya kutafutia metali, ya frikwensi moja, kilohezi 12, na jana asubuhi nimeipeleka ufukweni kuijaribu. Kwenye mchanga mkavu ilikuwa raha tupu: vizibo viwili, msumari, na sarafu iliyokuwa imezama kama urefu wa kiganja. Nikateremka mpaka mchanga ulioloa, ikaanza kulia ovyo. Nikiitia chini inalia, nikiinyanyua inalia, nikiishika bila kuisogeza inanyamaza. Nikarudi juu kwenye mkavu, ikatulia kabisa.

Muuzaji kanipa siku 14 za kuirudisha, nikitaka naongezea pesa nachukua nyingine. Macho yangu yako kwenye Minelab Vanquish 440, Minelab Equinox 800 na Nokta Simplex+. Mtu mwingine kanitajia Garrett Sea Hunter. Nichukue ipi?

ChepeChuma
Unatafuta nini? Unaingia majini au unaishia mchangani? Kama unaingia, magoti au kifua? Bila hayo tutabahatisha tu.

Nanga77
Equinox 800, usijisumbue na nyingine. Ninayo tangu mwaka 2019. Ina programu mbili za ufukweni, moja ya mchanga mkavu na ulioloa, nyingine ya ndani ya maji, na mashine nzima inaingia majini hadi mita 3. Ukifika unabonyeza kitufe cha kuondoa kelele, unasubiri kidogo, unaanza kazi.

FundiKoili
Mpiga_Kasia, mashine yako ni nzima. Maji ya chumvi yanapitisha umeme. Koili, lile duara la chini unalolipitisha juu ya mchanga, inapotoa usumaku wake, mchanga ulioloa chumvi nao unazalisha vijimkondo vya umeme, na mashine inavisikia kama kuna metali. Ndiyo maana inanyamaza ukiituliza: hakuna kinachobadilika chini yake. Ukiisogeza, umbali na unyevu vinabadilika, inapiga kelele.

Mashine ya frikwensi nyingi inasikiliza kwa frikwensi kadhaa kwa pamoja. Chumvi inajibu kivyake kwa kila moja na metali kivyake, kwa hiyo inaweza kuitoa chumvi ikabakiza kitu. Yako ina sikio moja. Ukiilazimisha isiisikie chumvi, itakosa na vitu vyembamba vya dhahabu, maana majibu ya chumvi na ya dhahabu nyembamba yanakaribiana sana.

Halafu angalia orodha yako: Simplex+ nayo ni frikwensi moja, kilohezi 12. Ni mashine nzuri, inaingia mita 3 majini, lakini kwa tatizo hili utakuwa umebadilisha jina tu.

Mpiga_Kasia
Asante sana Fundi, la Simplex+ sikulijua, naitoa. ChepeChuma, sizamii. Ni mchanga ulioloa na maji ya magoti.

ChepeChuma
Hujajibu unatafuta nini.

Bamvu
Nami niseme ya moyoni. Kwenye maji ya chumvi mimi naamini mashine za mapigo tu. Sea Hunter Mark II inatuma pigo, inakata, kisha inasikiliza mwangwi unavyofifia. Wa chumvi unafifia haraka sana, wa metali unachelewa. Basi chumvi haikusumbui, na mchanga mweusi wenye chuma nao haukusumbui kama unavyosumbua hizo nyingine. Imetengenezwa kushuka na mzamiaji takribani mita 60.

Nanga77
Na inachimbisha kila msumari uliozikwa. Haikuambii kama ni chuma au fedha. Nilishinda siku nzima na ya rafiki yangu, jioni nina kilo ya kutu.

Bamvu
Kuchimba ndiyo kazi yenyewe, ndugu yangu. Anayechagua sana anaacha dhahabu chini.

MamaSimbi
Kijana, kabla hujaamua nikusimulie yaliyonikuta, maana naona umeweka Vanquish kwenye orodha na umetaja maji ya magoti.

Mashine yangu ya kwanza ilikuwa imeandikwa kubwa kwenye boksi kwamba haiingii maji. Jina siliandiki. Mimi nikaelewa ni yote. Kumbe ni koili peke yake. Kile kisanduku cha juu chenye skrini na betri hakikuwa na kinga yoyote, na hilo lilikuwa kwenye ukurasa wa ndani wa kijitabu kwa herufi ndogo. Nikaingia maji ya magoti, bahari shwari. Nimeinama nachota mchanga kwa chepe, nimegeuzia bahari mgongo, likaja wimbi moja tu, wala si kubwa. Likanipiga kiunoni, mashine ikalala upande, kisanduku kikazama kama sekunde mbili.

Iliendelea kufanya kazi, nikashukuru. Nyumbani nikaipangusa, nikaianika. Asubuhi nikaona tone la maji ndani ya kioo, pembeni kushoto, linatembea ukiinamisha mashine. Nikafungua kifuniko cha betri: vile vibati vya shaba vimeota kijani, na springi moja ikakatika nilipoigusa kwa kucha. Chumvi ilikuwa imeshakula usiku mmoja. Koili mpaka leo ipo, nzima, haina wa kuitumikia.

Vanquish 340, 440 na 540 ni frikwensi nyingi na mchanga ulioloa zinauweza. Lakini kisanduku cha hizo si cha majini. Koili ndiyo inayoingia, hadi mita 1. Kama kweli ni magoti, fikiria mara mbili. Na mashine yoyote utakayochukua, isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, usingoje kesho.

FundiKoili
Mama umesema kweli tupu. Niongeze: ukishaisuuza, usifungue kifuniko cha betri mpaka nje ikauke kabisa. Wengi wanaingiza maji wenyewe wakati wa kufungua.

Mpiga_Kasia
Pole sana Mama, na asante. Nimeanza kuogopa hiyo 440.

ChepeChuma, samahani kwa kuchelewa kujibu. Natafuta pete. Ni pete ya ndoa ya marehemu mama yangu, nilimpa mke wangu. Jumapili alikuwa anamsuuza mtoto miguu kwenye ukingo wa maji, ikamtoka. Hakuhisi mpaka tulipofika nyumbani. Ndiyo sababu ya kununua mashine, kabla ya hapo sikuwahi kuishika.

ChepeChuma
Pole sana ndugu. Hilo ndilo ungeanza nalo, maana linabadilisha kila kitu. Maji baridi hufanya vidole vinywee, pete nyingi hupotea hivyohivyo.

Maswali: Ni dhahabu ya karati ngapi? Pana au nyembamba? Imewahi kukatwa ikaungwa? Pete ambayo duara lake limeachia hutoa mlio hafifu kuliko nzima, kwa sababu mkondo hauzunguki. Na unapajua mahali penyewe kwa kiasi gani?

Mpiga_Kasia
Karati 18, nyembamba, ndani kuna herufi mbili. Haijakatwa. Mahali napajua ndani ya hatua 20 hivi, tulikuwa usawa wa mti mmoja ulioinama.

Nanga77
Basi iweke mashine iruke vishikio vya makopo na foili, usipoteze muda na takataka.

ChepeChuma
HAPANA. Samahani kwa herufi kubwa lakini hili linaniuma. Pete nyembamba ya dhahabu inasoma kwenye skrini namba zilezile za foili na vishikio vya makopo. Ukiiambia mashine iruke alumini, umeiambia iiruke pete ya mama yake. Ruka chuma tu, na hata hicho kwa tahadhari.

Fanya hivi: tafuta pete nyingine inayofanana nayo, ifunge uzi mrefu, izike sentimita 10 kwenye mchanga uleule, upitishe koili. Sikiliza. Kisha sentimita 20. Ukishaujua mlio huo, unajua unachokitafuta. Uzi usiusahau, nawajua watu waliopoteza ya pili.

Bamvu
Sasa mnaona kwa nini nilisema mapigo? Eneo ni hatua 20, achimbe kila kitu, ni kazi ya siku mbili.

FundiKoili
Kwa eneo dogo nakubaliana nawe, Bamvu. Wasiwasi wangu ni kuwa kitu chembamba sana nacho mwangwi wake unafifia upesi, unaweza kupotea pamoja na wa chumvi. Pete nzima itasikika, mkufu mwembamba ndio ungeponyoka.

Wakati unaamua, usikae bure na hiyo uliyonayo. Punguza usikivu mpaka kelele zitulie. Isawazishe, yaani izoeze ardhi, palepale kwenye mchanga ulioloa, si juu kwenye mkavu. Koili ipitishe sambamba na ukingo wa maji, usiivute kutoka mkavu kwenda kwenye maji, na isigonge mchanga. Utapoteza kina, lakini utasikia kitu.

Mwandamo
Vua na saa, na chepe la chuma liweke mbali na koili. Mwaka 1881 Rais Garfield wa Marekani alipopigwa risasi, Alexander Graham Bell alileta mashine yake kuitafuta risasi mwilini, akashindwa kwa sababu kitanda kilikuwa na springi za chuma.

Nanga77
Si springi peke yake. Daktari wake, Bliss, alimruhusu apime upande wa kulia tu, na risasi ilikuwa kushoto.

Mwandamo
Springi zilichangia, hilo halipingiki. Walikuta sauti mahali pasipo na risasi.

MamaSimbi
Jamani, kijana ana pete ya kutafuta.

Bamvu
Kweli Mama. Kijana, angalia mwezi. Siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo ni bamvu, bahari hupwa mbali na pale mlipokuwa mmesimama panaweza kuwa pakavu. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, utaishia kuhangaika kwenye maji. Kwenye fukwe nyingi kupwa moja hadi nyingine ni kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku inasogea mbele dakika 50 hivi. Fika saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, ufuate maji yanavyorudi.

ChepeChuma
Na uende mapema. Dhahabu safi ni gramu 19.3 kwa sentimita ya ujazo, ya karati 18 ni kama 15.5, mchanga wa kawaida ni kama 2.65. Kila wimbi linaitikisa inashuka, mpaka ikute tabaka gumu. Siku zinahesabika.

Mwandamo
Ukikuta vyombo vya kale usivichukue tu. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 unalinda vilivyokaa chini ya maji miaka 100 au zaidi. Na ukikuta kitu kinachofanana na bomu, acha kuchimba, ita wahusika.

Mpiga_Kasia
Asanteni nyote. Leo nimepunguza usikivu kama Fundi alivyosema, nikafunga kamba mbili usawa wa ule mti, nikapita mistari sita. Imenyamaza kiasi, bado inaruka ruka karibu na maji. Nimepata vishikio vinne, foili na ndoano. Kila kishikio moyo ulinipasuka. Mwezi utakuwa mpevu Alhamisi. Muuzaji ana 440 tu kwa sasa, Equinox mpaka wiki ijayo.

Nanga77
Isubiri Equinox.

Bamvu
Ukisubiri, bamvu litakupita. Azima ya mtu.

MamaSimbi
Kijana, mkeo alipokuwa anamsuuza mtoto, alikuwa ameelekea baharini au nchi kavu? Na alitumia mkono upi?

Mpiga_Kasia
Sikumuuliza, Mama. Ngoja nimwamshe.