Boti za mifereji Uingereza kwa siku moja, tuanzie wapi?

mtoto_wa_Tanga:
Habari zenu wakuu. Mama mzazi anakuja mwezi wa sita, tunataka tumtoe siku moja kwenye zile boti ndefu nyembamba za mifereji. Tuko Bristol, wakubwa wanne na watoto wawili, hakuna aliyewahi kuendesha. Nawaza tuanzie Devizes tushuke zile loki za Caen Hill (vile vyumba vya maji vyenye mageti vinavyopandisha na kushusha boti) jioni tuwe Bath. Inawezekana? Na leseni?

Nahodha_wa_maji_baridi:
Leseni huhitaji, wenye boti wanakuelekeza kabla hamjaondoka. Ila Devizes mpaka Bath kwa siku sahau mkuu. Caen Hill ina loki 29, 16 kati yake zimepanga mstari mmoja mlimani, hizo tu zinakula masaa matano mpaka sita na mageti unasukuma mwenyewe kwa mgongo.

Nendeni Bradford on Avon, mchukue boti upande wa chini ya loki, muelekee Bath. Hakuna loki njiani mpaka mjini. Mnavuka daraja la Avoncliff kisha la Dundas, daraja la mawe alilochora mhandisi John Rennie, mfereji wenyewe uko juu ya daraja, mto Avon na reli vipo chini yenu, mama lazima alione hilo! Geuzieni hapo, pana nafasi. Limiti ni maili 4 kwa saa lakini msipigie hesabu hiyo, boti za watu wanaoishi humo zimefungwa kingo nzima na kila ukizipita unapunguza mpaka boti inatambaa, maana ukipita na kasi maji yanavuta kamba zao na vyombo vinaanguka ndani.

Bibi Chai:
Mama akae mbele mdogo wangu, injini iko nyuma huko ni kelele. Usukani ni mkono wa chuma, ukiusukuma kushoto pua inaenda kulia, mpe kijana mtulivu asiyekurupuka. Breki hakuna, unaweka rivasi mapema. Mkikutana na boti pita kulia, sio kama barabarani. Na boti ikienda kugonga ukingo msiizuie kwa mguu wala mkono, ni tani kadhaa za chuma hizo, mtu anavunjika, iacheni igonge. Watoto wavae laifu jaketi muda wote.

mtoto_wa_Tanga:
Asanteni sana, Bradford basi. Ila watoto wanalilia loki.

Nahodha_wa_maji_baridi:
Fikeni mapema msimame juu ya loki ya Bradford muangalie wengine wanavyopita, inatosha kabisa. Siku mkija kupita wenyewe mnashuka, chunga kizingiti cha zege chini ya geti la nyuma, kuna alama nyeupe ukutani, boti yote ikae mbele ya hiyo alama. Maji yakishuka mkia ukakalia kizingiti, pua inazama na boti inajaa maji dakika chache tu. Mtu mmoja abaki kwenye vali za maji macho kwa boti, asiguse simu.