Kichwa cha betri kinaota ungaunga wa bluu, Noah haiwaki asubuhi

Sahare_Noah: Habari zenu wakuu. Niko Tanga, Noah yangu inalala nje, bahari iko karibu. Kichwa cha chanya cha betri kinaota ungaunga wa kijani-bluu. Nikiukwangua kwa bisibisi gari inawaka, baada ya muda umerudi tena, nikipiga stata nasikia "tik" tu. Jirani anasema ni chumvi ya bahari. Betri bado mpya kabisa. Nifanyeje?

Konda_Chumbageni: Mwagia soda nyeusi mkuu, inakula yote hiyo.

FundiUmeme_Ngamiani: Soda nyeusi inatoa, sikatai, ila ina sukari, inaacha unata unaoshika vumbi. Nunua bekingi soda, siyo bekingi pauda. Zima gari, fungua hasi kwanza, ndipo chanya. Ukianza na chanya spana ikagusa bodi, cheche zinaruka, na betri inatoa hewa ya haidrojeni inayolipuka. Nawaomba sana ndugu zangu, sigara kaeni nayo mbali hapo.

Kaza vifuniko vya maji, maana bekingi soda ikiingia ndani inaua asidi ya betri. Koroga kijiko kikubwa kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, mwagia kidogo kidogo. Povu litachemka "shhh", likitulia sugua kwa mswaki mkuukuu. Ndani ya kichwa cha waya piga msasa mpaka ing'ae, hapo ndipo umeme unapopita. Suuza, kausha, rudisha chanya kwanza, hasi mwisho, kaza, paka grisi juu.

Ila usiishie kusafisha. Hewa ya bahari inaharakisha kutu ya bodi, lakini bluu hiyo ni asidi ya betri yenyewe inayokula shaba ya waya. Tafuta inakotokea. Angalia shina la betri pale linapotokeza kwenye plastiki, kama limelegea au limepasuka. Wapo wanaogonga vichwa kwa nyundo ili viingie, na hapo ndipo betri mpya inapoharibiwa! Kama shina ni zima, washa gari, weka mita kwenye betri. Kati ya volti 13.8 na 14.5 uko sawa.

Sahare_Noah: Shukrani sana fundi. Shina ni zima. Mita inasoma 15.4, na vyumba viwili vya betri maji yameshuka.

FundiUmeme_Ngamiani: Basi umeipata. Inachaji kupita kiasi, maji yanachemka na mvuke wa asidi unatoka. Ukishahakikisha mita yenyewe ni nzima, mshukiwa wa kwanza ni regyuleta ya alternata, yaani kidhibiti cha volti kwenye mashine inayochaji betri gari ikiwaka. Ifunguliwe ikaguliwe kwanza, usikubali kuuziwa alternata nzima kabla ya hapo, regyuleta mara nyingi inapatikana peke yake. Vyumba viongeze maji ya betri yasiyo na asidi, wala siyo ya bomba, mpaka kwenye alama, usijaze hadi mdomoni. Na usiende nayo safari ya mbali kabla hujatengeneza, 15.4 inaunguza hata taa.