Tupeane uzoefu: laptopu nyepesi ya kubeba kutwa, mlichaguaje?

Mkalimani
Ndugu zangu, naanza na langu. Kazi yangu ni ukalimani: leo Kampala, kesho Busia, wiki ijayo Arua. Miaka mitatu nilibeba laptopu ya inchi 15, kila jioni bega la kulia linawaka moto. Siku moja sokoni Nakasero nikamwomba mama muuza maharage anipimie. Laptopu peke yake, kilo mbili na robo. Akaweka chaja na waya wake: mizani ikasogea karibu kilo tatu! Mama akacheka, "Mwanangu, ungebeba maharage ungekula wiki nzima."

Tangu hapo nikifika dukani nauliza kwanza uzito pamoja na chaja. Sasa nina ThinkPad X1 Carbon ya 2017, mtumba. Kilo 1.13, na inachaji kwa USB-C (ile tundu ndogo ya mviringo iliyo pia kwenye simu nyingi za sasa), hivyo chaja moja ndogo ya wati 65 nalishia simu na laptopu. Kasoro yake RAM (kumbukumbu ya muda ambayo mashine hufanyia kazi) imechomelewa kwenye ubao wa ndani, haiongezwi. Yangu ni ya GB 8, na nikifungua kurasa nyingi inaanza kuhema. Leteni yenu.

Binti wa Wandegeya
Mimi wepesi uliniponza. Nilichukua kadude ka inchi 11, kanaingia hata kwenye mkoba. Tasnifu nimeiandikia humo, shingo imeinama kama ya korongo. Halafu herufi K ilikuwa inakwama. Hebu andika Kiswahili bila K! "Wa sababu hiyo" ukurasa mzima. Dukani nilikuwa nimebonyeza vitufe viwili vitatu tu nikalipa. Siku hizi nachapa aya nzima mbele ya muuzaji, anune asinune.

Mwalimu, Gulu
Mkalimani, bega lako sawa, ila huku kwetu umeme ukikatika huo wembamba hauna faida. Natumia ThinkPad T480. Ina betri mbili: moja ndani, nyingine nyuma unaichomoa. Ya nyuma ikiisha napachika nyingine bila kuzima mashine. Nikiweka betri ya nyuma iliyo kubwa mashine inakaribia kilo mbili, sikatai, lakini inainua kibodi nyuma kidogo na viganja vyangu vinapenda hivyo. RAM naongeza mwenyewe.

Jambo jingine ni kioo. Kinachong'aa, ukikaa chini ya mwembe unajiona sura yako tu. Tafuta kisichomeremeta.

Abiria wa Mbale
Kwenye taksi magoti ndiyo meza yangu. Mashine ya zamani ilikuwa na tundu za hewa chini, suruali inaziba, feni inalia, mapaja yanaiva. MacBook Air ya M1 (laptopu ya Apple yenye chipu ya M1) haina feni kabisa, nayo ni kilo 1.29. Inapata vuguvugu, basi.

Fundi mdogo
Nyembamba mkizipenda, shikeni bawaba kabla ya kununua. Fungua kwa mkono mmoja, iache, uone kama kioo kinasimama au kinaanguka. Nyingi zinazoletwa kwangu zimekatika hapo, hasa za watu wa boda.

Mkalimani
Fundi, hiyo ya bawaba sikuwahi kuifikiria. Nimekimbia kuijaribu yangu, inasimama.

Mgeni wa Kampala
Huyo mama wa maharage anakaa upande gani wa soko? Jumamosi naenda kununua, nataka nipitie kwake kwanza.