Vampaya ambaye wachezaji hawajamzoea, namtengenezaje?

KeteSita:
Wakuu habari zenu. Naendesha kampeni ya RPG ya mezani (mchezo wa kuigiza wahusika kwa hadithi na kete), mimi ndo gemu masta, yaani anayeongoza hadithi, na nataka adui mkuu awe vampaya, yule mfu anayefufuka kunyonya damu. Shida ni kwamba wachezaji wangu wanajua kila kitu, yaani nikigusia tu kwamba mwenye ngome haonekani kwenye kioo basi mmoja anatafuta vitunguu saumu, mwingine anachonga kigingi, wa tatu anasema tukae tusubiri jua lichomoze. Sitaki kumrundikia pointi za uhai ili pigano liwe refu, nataka waogope kweli. Nyie mnafanyaje?

Bundi:
Mkuu achana na ngome na majoho, rudi kwenye visa vya zamani vya Serbia, huko ndo kuna utajiri. Yule wa vijijini hakuwa bwana mkubwa mwembamba aliyepauka, alikuwa jirani aliyezikwa juzi, mwili umevimba, damu mdomoni, na mara nyingi anaanza na watu wake mwenyewe. Mwaka 1725 pale Kisiljevo alikufa mkulima anaitwa Petar Blagojević, halafu ndani ya siku nane wakafa watu tisa, na kabla ya kukata roho wakawa wanasema alikuja usiku akawakaba. Mkewe akasema mumewe alirudi kudai viatu vyake, akahama kijiji kabisa. Anzia hapo hapo, wachezaji wanaingia kijijini wanamkuta mjane anafunga mizigo na hataki kuongea, hakuna ngome wala kioo, hawatajua wanawinda nini mpaka wamekaa vikao viwili wakihoji watu.

Nyota_Giza:
Naunga mkono. Na hilo la jua usilibebe kama sheria, vampaya kuuawa na mwanga limeenezwa na filamu ya Nosferatu ya 1922, Dracula, vampaya wa kitabu cha 1897, anatembea mchana London, ila nguvu zake zinapungua. Kwa hiyo una uhuru wa kuchagua. Mimi huchagua udhaifu mmoja au miwili tu, na ninaoupenda zaidi ni mbegu, zile simulizi kwamba ukimwaga mbegu lazima azihesabu. Mezani mchezaji akimwaga mbegu anarusha kete moja, namba itakayotoka ndo raundi ambazo vampaya amekwama chini anahesabu, na akipigwa tu anazinduka. Utaona watu wanabishana tumpige au tukimbie, kuna presha balaa.

KeteSita:
Hii ya mbegu naichukua! Ila Bundi, wakishajua ni marehemu fulani si wanafukua kaburi mchana wanachoma mwili, tumemaliza?

Bundi:
Wafukue, ndo utamu wenyewe. Maiti kuvimba na kutoka damu mdomoni ni kuoza kwa kawaida, gesi inasukuma majimaji juu, kwa hiyo unaweza kuwawekea makaburi matatu na mawili kati ya hayo yana dalili zote ila ni watu wa kawaida kabisa, na ndugu zao wamesimama pembeni wanalia. Halafu weka serikali. Mwaka 1755 Maria Theresa, malkia aliyetawala Austria, alimpa daktari wake Gerard van Swieten kazi ya kuchunguza mambo haya, akaripoti kwamba ni ushirikina, basi malkia akapiga marufuku kufukua na kuchoma maiti kiholela. Wachezaji wako sasa wanachimba usiku kwa kujificha, muda ambao vampaya naye yuko nje.

Mzee_wa_Kete:
Vijana mawazo mazuri ila mimi nasisitiza haki mezani. Ukibadilisha sheria za vampaya lazima dalili zionekane kabla ya pigano, tena zaidi ya mara moja, la sivyo mtu aliyebeba vitunguu kikao kizima atahisi umemzunguka. Wawekee shahidi aliyeona vitunguu havikufaa kitu, weka mtama uliopangwa vizuri kizingitini asubuhi, wenye akili wataunganisha wenyewe. Na kingine, vampaya anatawala akili za watu, mchezaji kunyang'anywa mhusika wake inakera sana. Kabla ya kuanza kampeni waulize wazi nani yuko tayari na hilo na nani hataki, na aliyekubali mpe yeye mwenyewe siri ya anachotaka vampaya aigize, usimuigizie wewe. Mchezaji anayewasaliti wenzake kwa hiari yake huwa anatisha kuliko kete yoyote utakayorusha.