Je, fahamu inaweza kuwepo bila mwili wa nyama?

Fundi Saketi: Wakuu, msimamo wangu ni kwamba fahamu ni mpangilio, si nyama. Serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo, ina takriban seli za neva bilioni 69 kati ya bilioni 86 za ubongo mzima, ila wapo watu waliozaliwa bila serebela. Wanayumba wakitembea, wanachelewa kusema, lakini fahamu wanazo. Kumbe wingi wa nyama si kitu. Kitu ni jinsi ilivyounganishwa. Nakili mpangilio huo kwenye saketi, fahamu itahamia huko. Mbona daktari anaizima kwa propofoli, dawa ya usingizi wa upasuaji, na kuiwasha tena kama kompyuta?

Binti Neva: Ramani ya neva 302 za mnyoo C. elegans ilichapishwa mwaka 1986. Hadi leo hakuna programu inayoiga mwenendo wake wote. Ramani inaonyesha nani kaunganishwa na nani. Haionyeshi nguvu ya kila kiungo, wala kemikali zinazosambaa na kubadili kazi ya neva ileile. Mnyoo umewashinda, mnataka kumhamisha mtu?

Mtu wa Nusukaputi: Nimekwama kwenye "anaizima kama kompyuta". Nusukaputi si swichi. Propofoli inaongeza nguvu ya vipokezi vya GABA, kemikali ya ubongo inayotuliza, neva zinatulizwa, mgonjwa anazama. Sasa mpe ketamini, dawa nyingine ya nusukaputi, miligramu 1 hadi 2 kwa kilo kwenye mshipa: macho yanabaki wazi, mboni zinachezacheza, kwa kawaida anaendelea kupumua mwenyewe, na kisu hakimuumi. Akizinduka anaweza kukusimulia alivyoelea nje ya mwili wake. Hapo umezima nini?

Fundi Saketi: Nje ya mwili! Umenisaidia, mkuu.

Binti Neva: Hajakusaidia hata kidogo. Aliyeota ni ubongo, na ubongo ni mwili. Usiokote neno moja ukaliita ushahidi.

Mtu wa Nusukaputi: Kipo kipimo. Unapiga mpigo wa sumaku juu ya fuvu, kisha unasoma mwangwi wake kwenye mawimbi ya umeme wa ubongo. Kwenye propofoli mwangwi ni mfupi na wa aina moja. Kwenye ketamini unasambaa na kubadilikabadilika, karibu sawa na wa mtu aliye macho. Utata wa mwangwi unapewa namba, na mstari wa kutenganisha mwenye fahamu na asiye nazo uliwekwa kwenye 0.31.

Fundi Saketi: Safi. Namba hiyo haijataja nyama popote. Tuipime mashine.

Mtu wa Nusukaputi: Huwezi. Hiyo 0.31 ilipatikana kwa watu walioweza kueleza wenyewe kama walikuwa na fahamu au la. Kwenye mashine ungeilinganisha na maelezo ya nani?

Mwalimu Falsafa: Mnazunguka bure. Asiyejibu hana fahamu, anayejibu anazo. Mashine ikijibu, imekwisha.

Mtu wa Nusukaputi: Mwalimu, kauli hiyo inaumiza watu, naomba uiondoe. Kabla ya dawa ya kulegeza misuli, funga mkanda wa kupimia presha kwenye mkono mmoja, uujaze kupita presha ya mgonjwa ili dawa isifike kiganjani. Halafu mwambie: "Ukinisikia, binya vidole vyangu." Wapo wanaobinya, huku mwili mzima umelala kama gogo. Zikipita kama dakika 20 mkono wenyewe unakosa damu na kufa ganzi, jibu halina maana tena.

Binti Neva: Na Uingereza walihesabu wanaozinduka katikati ya upasuaji, ripoti ya 2014. Mmoja kwa elfu hivi, kama sikosei?

Mtu wa Nusukaputi: Mmoja kwa 19,000 kwa ujumla, kwa walioripoti. Kwa upasuaji wa kujifungua, mmoja kwa 670 hivi. Sababu inajulikana: dawa ya kulaza inapewa kwa haraka na wakati mwingine haitoshi, ya kulegeza inafuata papo hapo, kisu kinaanza kabla gesi haijakolea.

Mwalimu Falsafa: Lakini wengi wanaobinya hawakumbuki chochote. Kama hakumbuki, aliteseka nani?

Binti Neva: Aliyebinya! Mwalimu, unasoma unachoandika?

Mtu wa Nusukaputi: Midazolamu, dawa ya kutuliza tunayompa ili asipate ndoto mbaya za ketamini inazuia kumbukumbu kujengeka. Mgonjwa anaweza kuzungumza nawe vizuri kabisa, na saa moja baadaye hana habari. Kwa hiyo kumuuliza wodini "ulisikia kitu?" hakutoshi. Muulize mezani, wakati mkono bado una damu.