Mjadala: Mwenye sonona aandikiwe dayati ya kupunguza uzito, au atibiwe akili kwanza?

Mleta mada

Wakuu, naleta hoja pamoja na msimamo wangu, ili mwenye kupinga apate pa kushikia. Mtu akifika kliniki ana sonona na uzito umezidi, mara nyingi anatoka na vitu viwili: karatasi ya dawa na agizo la kupunguza kilo. Nasema agizo la pili lisubiri mpaka sonona itulie.

Ushahidi wangu wa kwanza ni wa siku nyingi. Mwaka 1944 hadi 1945, Ancel Keys na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, wote wazima wa mwili na waliochujwa kiakili kabla ya kuanza. Kwa wiki 24 walikula takriban kalori 1,600 kwa siku na wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Kilichofuata ni huzuni, hasira za ghafla, kujitenga, hamu ya tendo kutoweka, na mawazo kutwa nzima kuzunguka chakula hadi wengine wakawa wanakusanya vitabu vya mapishi. Sasa linganisha: dayati zinazosambazwa mitandaoni ni za kalori 1,200, nyingine 800, na hakuna anayemwangalia mfuataji. Kama wenye akili timamu waliyumba hivyo, aliyeingia tayari ana sonona atasimamia nini?

Mtaalamu wa lishe

Napinga. Naanza na Minnesota, maana hakuna mjadala wa namna hii unaopita bila kutajwa. Wale wanaume hawakuwa wanene. Walianza na uzito wa kawaida, wakatakiwa kutembea kilomita 35 hivi kila wiki, chakula chao kikiwa na protini kidogo, na wakashushwa mpaka mifupa ikaonekana. Hiyo inaitwa njaa. Mwili wenye akiba kubwa ya mafuta haupiti njia hiyohiyo.

Chukua utafiti wa DiRECT wa Uingereza, matokeo ya kwanza mwaka 2017. Watu wenye kisukari aina ya pili walipewa mlo kamili wa kimiminika wa kalori 825 hadi 853 kwa siku, miezi 3 hadi 5, halafu chakula cha kawaida kikarudishwa hatua kwa hatua. Baada ya mwaka, asilimia 46 walikuwa wameachana na kisukari bila dawa. Kwa waliopunguza kilo 15 au zaidi, ni asilimia 86. Na kipimo cha ubora wa maisha kilipanda kuliko kwa kundi la kulinganisha. Kalori ni chache kuliko za Minnesota, lakini protini, vitamini na madini vilikuwa kamili, dawa za sukari na presha zilisimamishwa siku ya kwanza ili mtu asianguke, na kila mmoja alijua awamu ngumu inaisha lini.

Kingine: uchambuzi uliojumlisha tafiti mbalimbali mwaka 2010 ulionyesha kuwa unene uliopindukia unaongeza uwezekano wa kupata sonona kwa asilimia 55, na sonona nayo inaongeza uwezekano wa kunenepa hivyo kwa asilimia 58. Ukisema "akili kwanza" umeamua kushughulikia upande mmoja huku upande wa pili ukiendelea kuulisha.

Mwanasaikolojia

Mtaalamu, kuna jambo la DiRECT hukulisema. Waliowahi kulazwa kwa sonona hawakuruhusiwa kuingia. Wanaotumia dawa za saikosisi (ugonjwa wa akili unaomtoa mtu kwenye uhalisia), hapana. Wenye matatizo ya ulaji, hapana. Yaani kundi ambalo mleta mada analizungumzia ndilo lililobakizwa nje ya mlango. Ule utafiti unatuambia dayati kali inavyokwenda kwa asiye na tatizo kubwa la akili. Basi.

Na madhara ninayoyaogopa mimi hayatoki kwenye idadi ya kalori pekee. Yanatoka kwenye kanuni. Mtu anajiwekea orodha ya vyakula haramu na saa za kutokula. Asubuhi anaruka mlo, mchana anajikaza, jioni anagusa kitu kimoja kilichokatazwa. Hapo fikra inageuka: "siku imeshaharibika, bora nimalizie, nitaanza upya kesho." Anafakamia mpaka tumbo linauma. Usiku ni aibu, kesho yake anajiadhibu kwa kufunga zaidi, na njaa ya adhabu ndiyo inayozaa ufakamiaji wa jioni inayofuata. Jambo hili lilionekana maabara tangu mwaka 1975: waliozoea kujinyima, wakinyweshwa kwanza kinywaji kizito cha maziwa, walikula aiskrimu nyingi kuliko wasionyweshwa. Wasiojinyima walifanya kinyume, yaani walipunguza.

Ndiyo maana tiba ya kubadili fikra na mienendo kwa wenye kufakamia huanza na kula. Milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu, pengo lisizidi saa 4, saa zipangwe kabla, na mtu ale hata kama jana alifakamia. Hasa kama jana alifakamia. Wagonjwa wengi hubishana na hatua hiyo, wakidhani watanenepa. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba ufakamiaji unapungua ndani ya wiki chache, kwa kuwa umenyimwa njaa iliyokuwa inauchochea.

Kwa vijana hali ni nzito zaidi. Utafiti wa jimbo la Victoria, Australia, uliochapishwa mwaka 1999 uliwafuatilia wanafunzi wa miaka 14 na 15. Wasichana waliofanya dayati kali walikuwa na uwezekano mara 18 wa kupata tatizo la ulaji ndani ya miezi 6 kuliko wasiofanya. Waliofanya ya wastani, mara 5.

Mtaalamu wa lishe

Hizo namba za Victoria ni za vijana waliojipangia wenyewe. Tafiti za watoto na vijana wenye uzito mkubwa waliohudumiwa kliniki, wakisimamiwa na wataalamu na wazazi, kwa jumla zinaonyesha dalili za matatizo ya ulaji zikipungua. Ukiziweka pamoja dayati ya kujiokotea na tiba inayosimamiwa, kisha ukaziita jina moja, mjadala hautaisha.

Mfamasia

Naingia kwa ufupi, kwa sababu mnazungumza kama vile mgonjwa hana dawa mkononi.

Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, asiguse dayati ya ghafla, wala ya kukata chumvi, wala ya "kutoa maji mwilini", bila daktari wake kujua. Maji na sodiamu vikishuka, figo zinarudisha lithiamu kwenye damu na kiwango kinapanda hadi sumu: mikono kutetemeka sana, kutapika, kuharisha, kuyumba, kuchanganyikiwa. Pima kiwango cha damu kabla na baada ya kubadili mlo.

Pili, olanzapini (dawa ya saikosisi) na mitazapini (dawa ya sonona) zinanenepesha, na olanzapini inaweza kuanza ndani ya wiki za mwanzo. Mgonjwa wa namna hiyo kuambiwa "jitahidi kujizuia" ni kuonewa. Swali la kwanza liwe kama dawa inaweza kubadilishwa, au kuongezewa metfomini, dawa ya kisukari. Asiache dawa mwenyewe kwa ajili ya mizani; huko ndiko tunakopoteza watu.

Na mkumbuke rimonabanti. Iliruhusiwa Ulaya mwaka 2006 kama dawa ya kupunguza uzito, ikasimamishwa mwaka 2008 kwa sababu ya sonona na mawazo ya kujiua. Kilo zilipungua kweli. Dawa za siku hizi za kundi la semaglutidi zilichunguzwa kwa hofu hiyohiyo, na mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Ulaya haikuona uhusiano wa kisababishi, lakini kumuuliza mgonjwa hali yake ya kihisia kila anapokuja bado ni wajibu.

Mleta mada

Asante mfamasia. Nyongeza ya upande huo: upasuaji. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2007 uliona waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo wana vifo pungufu kwa asilimia 40 kwa jumla, ila vifo visivyotokana na maradhi, yaani ajali, kujiua na vingine, vilizidi kwa asilimia 58. Kupungua hakukuleta amani moja kwa moja.

Tena kuna utafiti wa SMILES wa Australia, mwaka 2017. Watu 67 wenye sonona, nusu wakapewa mafunzo ya kula vizuri kwa wiki 12: mboga, kunde, samaki, nafaka zisizokobolewa, mafuta ya zeituni, bila kuhesabu kalori. Waliopona sonona ni asilimia 32 dhidi ya 8 kwa waliopewa tu mtu wa kuzungumza naye. Uzito haukubadilika. Kama akili inanufaika bila kilo kupungua, kilo za nini kwenye agizo la siku ya kwanza?

Mtaalamu wa lishe

Watu 67 ni wachache, na kila mshiriki alijua yuko kundi gani. Tusiupambe kupita uwezo wake. Ila kama hatua ya kwanza naikubali bila shida.

Nisichokubali ni kuahirisha moja kwa moja. Kuna mgonjwa anayekatika pumzi usingizini kwa sababu ya uzito. Anaamka amechoka, hawezi kutuliza mawazo, hana raha, na kwenye dodoso anaonekana kama mwenye sonona. Huyo ukimpa dawa ya sonona peke yake utaongeza dozi mwaka mzima bila kuelewa kwa nini hapati nafuu.

Kocha wa mazoezi

Suala la mizani halijaguswa na ndilo linalovunja watu moyo kuliko njaa. Kila gramu ya wanga iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini hukaa na takriban gramu 3 za maji. Ukikata wanga, wiki ya kwanza kilo 2 zinaondoka, nyingi zikiwa maji. Ukirudia kula wanga kama kawaida, zinarudi ndani ya siku chache. Mtu anaona kilo 1.5 imepanda anadhani amenenepa, wakati kilo moja ya mafuta inahitaji ziada ya kalori 7,700 hivi. Mfundishe hilo kabla hajapanda mizani, na asome wastani wa wiki, asisome siku moja.

Mwanasaikolojia

Kwa wengi, sawa. Kwa mwenye historia ya tatizo la ulaji, mizani itoke nyumbani kabisa, apimwe kliniki tu. Kuhesabu nako kuna gharama: jaribio la mwaka 2010 kwa wanawake 121 kwa wiki 3 lilionyesha kuwa kula kalori 1,200 kulipandisha kotisoli, homoni ya msongo, na kuandika kalori, hata bila kujinyima, kuliwafanya wajione na msongo zaidi.

Napendekeza mchujo kabla ya agizo lolote. Maswali matano: unajitapisha ukihisi umeshiba kupita kiasi? Unaogopa umeshindwa kujizuia kwenye kiasi unachokula? Umepungua zaidi ya kilo 6 ndani ya miezi 3? Unajiona mnene ilhali wengine wanakuona umekonda? Chakula kimetawala maisha yako? Ndiyo mbili zinatosha kumpeleka kwa mtaalamu wa matatizo ya ulaji kwanza. (Aliye kwenye dayati inayosimamiwa atajibu ndiyo swali la tatu bila kuumwa, kwa hiyo kwake litazamwe kwa makini.) Halafu PHQ-9, dodoso la sonona la alama 0 hadi 27. Akiwa na 20 na kuendelea, hakuna dayati.

Mtaalamu wa lishe

Na akiwa na 10 hadi 19? Mimi naanza taratibu: upungufu wa kalori 500 kwa siku, hakuna chakula kilichopigwa marufuku, protini ya kutosha kila mlo, dodoso linarudiwa kila baada ya wiki 2. Alama zikipanda kwa 5 au zaidi, tunarudisha kalori na kusimamisha mizani.

Mleta mada

Kwa wenye 10 hadi 14 naweza kuishi na utaratibu huo. 15 hadi 19 bado nasema hapana, waanze na mlo wa aina ya SMILES pamoja na tiba, wiki 12, kisha tuzungumze kilo.

Mwanasaikolojia

Msingoje alama 5. Swali la tisa la dodoso linauliza mawazo ya kufa au kujidhuru. Likijibiwa chochote zaidi ya sifuri, hata kama jumla imeshuka, mazungumzo ya uzito yanasimama siku hiyohiyo, mgonjwa anaulizwa ana kwa ana kuhusu kujiua, na haondoki kabla hajajibu.

Mfamasia

Hapo mniongeze: siku hiyo muulize pia kama ameacha dawa. Wengi wameiacha wiki mbili zilizopita, kwa sababu tumbo limekua.