Naomba ushauri: bodi ya usalama kwa utafiti wa presha Lamu

Shikamooni wakubwa. Tunaandaa utafiti wa presha Lamu, kuanzia Langoni hadi Matondoni, na tunahitaji bodi huru ya kufuatilia usalama wa washiriki. Vibali si tatizo: huanza kamati ya maadili iliyoidhinishwa na NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), ifuate leseni ya NACOSTI, kisha idara ya afya ya kaunti.

Upimaji nao uko wazi. Mtu anakaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, anapimwa mara 3 na tunachukua wastani wa vipimo 2 vya mwisho. Mkanda mdogo wa kupimia kwenye mkono mnene hupandisha namba kwa uongo, kwa hiyo lazima mikanda iwe ya saizi tofauti.

Kazi ipo kwenye majaribio ya dawa: kushusha namba ya juu ya presha chini ya 120 badala ya 140. SPRINT, jaribio la Marekani lililolinganisha malengo hayo mawili kwa washiriki 9,361, ilisitishwa mapema 2015 kwa kuwa faida ilishaonekana, lakini kundi la 120 lilipata zaidi kuzirai na madhara ya figo. Tena haikuchukua wenye kisukari, na huku kwetu ni wengi.

Sasa, mtu aliyefunga Ramadhani na kumeza dawa ya presha ya kukojosha kwenye joto la hapa anaweza kuishiwa maji na kuanguka. Je, bodi huru ipitie takwimu kabla ya Ramadhani na katikati yake, au baada tu? Mipaka ya kusitisha dawa muiweke vipi? Na mtakwimu asiye na uhusiano na watafiti mnampataje? Aliyewahi kukaa kwenye bodi kama hii atusaidie, tafadhali.